Benchi la Kunyanyulia Vyuma Lihimili Kilo Ngapi?

Kijana wa Munisagara, wilayani Kilosa, aweza kujitengenezea vyuma vya mazoezi kwa kumimina zege katika makopo mawili ya lita 10 yaliyounganishwa kwa bomba. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo 2.4 hivi, basi makopo hayo yatakuwa kilo 48. Lakini benchi hubeba pia mwili wa mnyanyuaji. Akiwa na kilo 60, jumla ni kilo 108, mbali na bomba. Tena mzigo ukiachiliwa ghafla, hata bila kuanguka kutoka juu, mkazo wake waweza kufikia maradufu, yaani kilo 216. Hivyo, kabla mtu hajalilalia, benchi na lijaribiwe kwa mifuko mitano ya saruji ya kilo 50. Likipinda au kupasuka, halifai.