Kompyuta ya Zahanati na Mfumo Endeshi Mpya: Wakati wa Kubadili na Wakati wa Kungoja

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha matunzo ya kawaida ya Windows 10, mfumo endeshi uliotolewa Julai 2015 na ambao bado umo katika kompyuta nyingi za hospitali, vituo vya afya na zahanati zetu. Siku hiyohiyo programu za Office 2016 na Office 2019 nazo zilifikia ukomo wake. Asubuhi iliyofuata kompyuta ziliwaka kama kawaida, taarifa za mwezi zikajazwa, barua zikachapwa. Ndiyo maana wengi hawakutambua kwamba kuna jambo lililobadilika. Makala haya yanamlenga mhudumu wa afya aliye mbali na fundi, tuseme katika kata ya Mkwaja, kusini mwa Wilaya ya Pangani, ambako barabara ya pwani inaelekea Saadani. Yanamlenga pia mgonjwa ambaye jina lake na majibu ya vipimo vyake yamo ndani ya kompyuta hiyo.

Mfumo endeshi ni programu mama inayoongoza vifaa vyote vya kompyuta na kuzipa nafasi programu nyingine zifanye kazi. Hakuna mfumo endeshi usio na kasoro. Kila mwezi mtengenezaji huziba mianya iliyogunduliwa kwa kutoa masasisho, nayo kompyuta huyapokea kupitia intaneti. Matunzo yakikoma, mianya mipya huendelea kugunduliwa lakini haizibwi tena. Hali hii inafanana na shinikizo la juu la damu: mwenye nayo hutembea, hula na kucheka kama wenzake, na madhara huonekana siku yanapokuwa makubwa.

Ukubwa wa madhara hayo ulionekana Uingereza tarehe 12 Mei 2017. Programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilienea katika nchi zipatazo 150, ikafunga mafaili ya watu na kudai fidia ya dola 300 kwa kila kompyuta. Katika huduma ya afya ya umma ya England, angalau mashirika 81 kati ya 236 yaliathirika. Miadi ya wagonjwa iliyofutwa ilikadiriwa kufikia 19,000, na baadhi ya magari ya wagonjwa yalilazimika kupelekwa hospitali nyingine. Linalofunza zaidi katika mkasa huo ni kwamba sasisho la kuziba mwanya uliotumiwa lilikuwa limetolewa tarehe 14 Machi, miezi miwili kabla. Nyingi ya kompyuta zilizoathirika huko zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule bado ilikuwa ikitunzwa. Kilichoziponza ni kutosasishwa. Kwa hiyo anayejivunia Windows 11 huku amezima masasisho ili kuokoa bando hajajikinga na lolote.

Wazee wa mwambao hutuasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kwa upande wa programu za ofisi, methali hii ina nguvu sana, kama itakavyoonekana hapa chini. Kwa mfumo endeshi, haina nguvu kiasi hicho, kwa kuwa mbacha wenyewe umeanza kutoboka na fundi aliyeushona ameondoka. Ni muhimu basi kuamua mambo haya mawili kila moja kwa wakati wake, ingawa wauzaji hupenda kuyafunga katika furushi moja.

Kabla ya kugusa chochote, mganga mfawidhi aulize kompyuta ile inafanya kazi gani. Ikiwa kazi yake ni kuingiza takwimu za MTUHA katika DHIS2 kupitia kivinjari, kubadili mfumo endeshi hakutaleta tabu, maana mfumo wenyewe upo kwenye seva na kivinjari ni dirisha tu. Isitoshe, kivinjari nacho hufuata umri wa mfumo endeshi: tangu mwaka 2023 Chrome haitoi tena matoleo mapya kwa Windows 7 wala 8.1. Kwa vituo vinavyotumia GoT-HoMIS, neno la mwisho ni la afisa wa TEHAMA wa halmashauri.

Kanzidata ya CTC2, iliyohifadhi taarifa za wateja wa tiba na matunzo ya VVU kwa miaka mingi, ilijengwa juu ya Microsoft Access, ambayo ni sehemu ya familia ya Office. Kituo ambacho bado kinaitumia kwa namna hiyo kikiondoa Office ya zamani na kuweka mpya bila kuuliza, kinaweza kukuta kanzidata haifunguki. Sababu kubwa huwa ni kwamba Office ya zamani mara nyingi iliwekwa katika muundo wa biti 32, ilhali tangu Office 2019 kisakinishi huweka ule wa biti 64 kama mtumiaji hakuchagua vinginevyo, na maagizo yaliyoandikwa kwa muundo mmoja huweza kukataa kufanya kazi katika mwingine. Siku ya kliniki ikifika na historia ya dawa za mteja haionekani, hasara hiyo ni ya kitabibu. Hapa methali ya mbacha na isikilizwe.

Kompyuta zinazoongoza vipimo vya maabara, kama ile inayokuja na mashine ya GeneXpert, zina hukumu yake peke yake: zisipandishwe toleo na mtu yeyote asiyetumwa na mtengenezaji au mwakilishi wake. Programu ya kipimo imehakikiwa kwa mfumo endeshi fulani, na ukibadilishwa hakuna anayeweza kudhamini majibu. Ikiwa mfumo huo umezeeka, kinga iliyo salama ni kuitenga kompyuta hiyo na intaneti na kutochomeka humo flashi za watu.

Baada ya kujua kazi ya kompyuta, itazamwe nguvu yake. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika winver, na toleo lako litaonekana. Windows 11 inadai kumbukumbu ya RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski ya GB 64, kijenzi cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft. Kwa Intel, kwa kawaida ni kizazi cha nane na kuendelea, yaani zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2017. Kompyuta nyingi zilizofika vituoni kupitia miradi ni za kabla ya hapo. Zipo njia za kuulazimisha mfumo mpya uingie katika kompyuta isiyostahili, na mafundi wa mitaani wanazijua, lakini Microsoft haiahidi kuipa kompyuta ya namna hiyo masasisho, na masasisho ndiyo yaliyotufanya tuhangaike tangu mwanzo.

Wengi hutaka toleo jipya kwa sababu kompyuta imekuwa nzito, na mara nyingi toleo jipya huizidishia uzito. Pwani, adui wa kompyuta ni vumbi, joto na hewa ya chumvi. Kusafisha feni, kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD na kuongeza RAM humfaa mtumiaji kuliko Windows yoyote mpya, kwa gharama iliyo mbali na bei ya kompyuta nyingine.

Kwa kompyuta isiyokidhi masharti zipo njia tatu. Microsoft ilitangaza masasisho ya usalama ya nyongeza kwa Windows 10: kwa watu binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayekubali kuhifadhi mipangilio yake katika akaunti ya Microsoft, kwa taasisi ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hujirudufu kila mwaka kwa muda usiozidi miaka mitatu. Kituo chenye kompyuta 3 kitaona upesi kwamba fedha za miaka mitatu zinakaribia kununua kompyuta mpya. Njia ya pili ni Linux, kama vile Ubuntu au Mint, ambazo ni za bure na huendelea kusasishwa. Kwa kompyuta inayofungua DHIS2 na kuandika barua tu, mimi ningeichagua njia hii bila kusita, mradi afisa wa TEHAMA akubali kuisimamia. Njia ya tatu ni kuiondoa kompyuta kwenye mtandao na kuiachia kazi zisizohusu taarifa za wagonjwa.

Iwapo uamuzi ni kubadili, kwanza nakili mafaili yote kwenye diski ya nje, kisha fungua nakala hizo katika kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Nakala isiyowahi kufunguliwa haina hakika yoyote. Mfumo mpya ni mzigo wa GB kadhaa, na kuuvuta kwa bando la simu ni kujitia hasara. Afadhali upakuliwe mara moja penye intaneti nzuri, Pangani mjini au Tanga, uwekwe kwenye flashi ya GB 8 na kutumika kwa kompyuta zote za kituo. Kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba isiguswe siku ambazo umeme unakatika ovyo, kwa sababu ukikatika katikati ya kazi kompyuta huweza isiwake tena. Isifanyike pia juma la mwisho wa mwezi, taarifa zinaposubiriwa.

Tukirudi kwa programu za ofisi, Word mpya haiandiki barua iliyo bora kuliko ya zamani, na kwa kazi nyingi za kituo toleo la nyuma linatosha. Kuna sababu mbili tu za kweli za kubadili: usalama, hasa kwa wanaofungua viambatisho vya barua pepe, na ukubwa wa data. Oktoba 2020 mamlaka ya afya ya umma ya England ilieleza kwamba wagonjwa 15,841 wa UVIKO-19 hawakuingia katika hesabu kwa wakati, na watu waliokutana nao wakachelewa kutafutwa, kwa kuwa majibu yalipitishwa katika muundo wa zamani wa Excel wenye kikomo cha mistari 65,536. Muundo uliokuja na Office 2007 una mistari 1,048,576. Rejista ya zahanati haitafika huko, lakini anayejumlisha takwimu za wilaya au mkoa na ahakikishe mafaili yake yanaishia na xlsx.

Asiye na fedha ya leseni ana LibreOffice, ambayo ni bure na husoma mafaili ya Word na Excel, ingawa haiwezi kuendesha mifumo iliyojengwa juu ya Access. Programu iliyoizaa, OpenOffice, ilipata toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hivyo si wazo geni kwetu. Kisichofaa hata kidogo ni Office ya magendo inayofunguliwa kwa programu ya kuvunja leseni. Ili ifanye kazi, mtumiaji huambiwa azime kinga dhidi ya virusi, na hapo huwa amemfungulia mlango asiyemjua.

Mgonjwa naye ana haki katika jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, inamtaka anayezikusanya azilinde, na inampa mwenye taarifa haki ya kuziona na kutaka zirekebishwe. Katika kijiji ambamo watu wote wanajuana, kuvuja kwa majibu ya kipimo kimoja kunaweza kuvunja ndoa au kumfanya mtu aache dawa. Kuuliza kwa adabu kituoni, “Taarifa zangu zinatunzwaje?” si utovu wa heshima.

Na kompyuta ya zamani ikishaondolewa, isitolewe kwa shule wala kuuzwa diski yake ikiwa ndani. Kufuta mafaili na kumwaga pipa la taka hakuondoi data. Fundi mwenye programu ya kawaida huirudisha. Diski itolewe, iandikwe tarehe na jina la kituo, na ikabidhiwe kwa afisa wa TEHAMA kwa hati.