Noeli inakaribia na mwili hauna nguvu: punguza kazi, usipunguze dawa



Huku kwetu Kolwezi, Desemba inaleta mambo mawili kwa pamoja: mvua na Noeli. Maji yanasimama katika madimbwi nyuma ya lupango, na mbu wanaongezeka. Wakati uleule mama anaanza kuhesabu. Nguo za watoto, kuku, mchele, munkoyo wa kutengeneza, nyumba ya kupaka rangi, wageni watakaoshuka kutoka Likasi na Lubumbashi. Ndiyo sababu katikati ya mwezi huu tunawaona disipanseri watu wenye homa ambao hawataki kukaa kwenye benchi. «Muganga, nipatie kidonge tu niende, nina kazi ya Noeli.» Mtu anayesema hivyo ndiye ninayemwandikia leo.

Jambo la kwanza: usiseme «ni uchovu tu» kabla hujapimwa. Ukiwa na homa, kichwa kinauma, viungo vinauma, njoo tukutoboe kidole. Tone moja la damu linatosha, na jibu la kipimo cha haraka cha malaria linapatikana kwa muda usiofika nusu saa. Hilo ni jambo la kwanza katika kuokoa muda. Mtu anayejizungusha siku nne na homa, akinunua vidonge sokoni leo hivi na kesho vile, amepoteza siku nne, na siku ya tano analazwa.

Paracetamol inashusha homa na maumivu, lakini haiui malaria. Unajisikia mzima kwa saa chache, unafua nguo za nyumba nzima, jioni unaanguka. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na aangalie vizuri: dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani yake, hata kama jina la pakiti ni lingine. Ukimeza hii na ile pamoja unalipiga ini lako.

Ukipewa dawa ya malaria ya siku 3, meza siku 3 zote. Watu wengi wanaacha siku ya pili kwa sababu homa imeshuka, na vidonge vilivyobaki wanavitunza kwa ajili ya mtoto. Wadudu waliobaki katika damu hawajui kwamba ni Noeli. Ile dawa ya artemether na lumefantrine inaingia vizuri mwilini ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwa hiyo usiimeze na tumbo tupu ukiwa unakimbilia soko.

Sasa, kwa nini nguvu hazirudi mara moja hata baada ya dawa? Malaria inavunja chembe nyekundu za damu, na chembe hizo ndizo zinazobeba hewa safi kwenda kwenye misuli. Tena, kila digrii moja ya homa inaongeza matumizi ya mwili kwa karibu sehemu moja ya kumi, hata ukiwa umelala. Ni kama gari ambalo limeegeshwa lakini mota inazunguka usiku kucha: asubuhi tanki liko chini. Homa inaweza kuondoka Jumatano, lakini damu inahitaji wiki kadhaa kujijenga tena. Mama aliyetoka kuugua, au aliyejifungua karibuni, anaonekana mzima machoni pa watu. Ndani hajawa mzima.

Kwa hiyo kaeni chini, baba na mama, kabla ya tarehe 20. Ninasema baba na mama, kwa sababu nimesikia mara nyingi baba akisema: «Mambo ya Noeli anajua mama wa watoto.» Anajua, ndiyo, lakini leo ni mgonjwa. Andikeni kazi zote kwenye karatasi moja. Halafu kila kazi iulizweni: nani ataiona ikikosekana? Watoto wataona nguo na kuku. Hakuna mtoto atakayelia kwa sababu mapazia hayakufuliwa. Kupaka rangi nyumba kunaweza kungoja Pasaka, wakati mvua imeanza kupungua na rangi inakauka vizuri. Kupaka ukuta wenye unyevu wa Desemba ni kazi ya kurudia. Munkoyo ni kazi ya moto mkubwa, kukoroga na kungoja. Mwaka huu nunueni, au mwombeni jirani aliyetengeneza mwingi, nanyi mtamrudishia siku nyingine. Matunda hayahitaji moto: maembe ndiyo msimu wake, na bakuli la maembe yaliyooshwa kwa maji safi ni karamu kwa watoto.

Na wageni? Hapa wengi wanaona haya. Piga simu mapema, sema wazi: «Mama mkwe, karibu sana, lakini mama wa nyumba anaumwa. Tafadhali mje na sufuria moja ya chakula.» Mama mkwe mwenye heshima hatakasirika, na yule atakayekasirika angekasirika hata ungemchinjia mbuzi.

Zile kazi zinazobaki zifanywe kwa akili. Ninyi watu wa mgodini mtaelewa vizuri, kwa sababu jambo hili lilianzia kazini. Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, mtu mmoja aitwaye Frank Gilbreth aliwaangalia waashi wakijenga ukuta. Aliona kwamba kwa kila tofali mwashi aliinama hadi chini, akainua uzito wa mwili wake wote pamoja na lile tofali. Akatengeneza jukwaa la kuweka matofali kwenye usawa wa mikono. Mijongeo ya mwashi kwa tofali moja ikapungua kutoka 18 hadi kama 5, naye akajenga matofali mengi zaidi kwa siku. Frank alikufa mwaka 1924. Mke wake Lillian, mhandisi, mama aliyezaa watoto 12, akaichukua akili hiyohiyo akaipeleka jikoni, na baadaye akasaidia kupanga jiko la akina mama wenye ugonjwa wa moyo ili wapike bila kujichosha.

Mama wa Kolwezi anainama mara ngapi mbele ya mbabula? Weka mbabula juu ya matofali mapana yaliyokaa imara, ili usipinde mgongo kila unapokoroga. Hakikisha hayatikisiki, na mtoto mdogo hafiki pale: mafuta ya moto ya vitumbula yameharibu ngozi za watoto wengi. Keti kwenye kiti unapochambua mchele, unapomenya vitunguu, unapofinyanga unga. Kabla hujaketi, kusanya karibu yako kila kitu: kisu, beseni, maji, chumvi. Kwenda na kurudi mara kumi kutoka jikoni mpaka kwenye bomba kunachosha kuliko kupika kwenyewe. Maji yachotwe na baba au vijana, bidoni ndogo ndogo, siyo ile ya lita 20. Ukisikia moyo unapiga mbio au macho yanaona giza, acha palepale, lala, inua miguu. Usingoje umalize «hii moja tu».

Gawa kazi kwa siku. Tarehe 22 pika mchuzi wa nyanya na vitunguu ikiwa una friji na umeme haukatiki sana. Kama huna, usipike kitu mapema, andaa tu. Maharagwe yaloweke usiku, mwaga yale maji, asubuhi pika kwa maji mapya: yataiva upesi na makala yatapungua. Lakini hapa ninaweka alama nyekundu. Yapo mambo ambayo mgonjwa asiyafupishe hata kama amechoka vipi.

Maharagwe, hasa yale mekundu, lazima yachemke kwa nguvu na kuiva kabisa. Yakibaki nusu mabichi yana sumu inayotapisha watu. Sombe vilevile. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, na kinachoitoa ni kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu, mwanzoni bila kufunika sufuria. Ukikosa nguvu za kutwanga, nunua sombe iliyokwisha kutwangwa sokoni. Akina mama wanaiuza, na pesa unayotoa ni ndogo kuliko jasho. Uichemshe tu kwa muda uleule. Wali uliobaki usilale mezani mpaka asubuhi, maana joto linakuza kijidudu ambacho sumu yake haifi hata ukipasha moto tena. Pika wali unaotosha, uishe.

Na kama unaharisha au una homa ya tumbo, usipike kwa ajili ya watu. Ninajua ni neno gumu kwa mama mwenye nyumba. Lakini mikono ya mtu mmoja mwenye kuhara inaweza kulaza wageni 20 kwa sufuria moja, na katika jimbo letu tunajua kipindupindu ni kitu gani. Mwingine apike, wewe uongoze kwa mdomo ukiwa umeketi mbali na vyombo. Kunywa maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Usizidishe chumvi.

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha kuliko yote. Mvua inanyesha, mgonjwa anasikia baridi ya homa, na mbabula iko nje. Anafanya nini? Anaingiza mbabula ndani, anafunga mlango na dirisha, anapika huku anaota moto. Amepunguza kazi, kweli. Lakini makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozeshi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko hewa safi inavyoishika. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Uingereza waliijua vizuri. Kwa ushauri wa mwanasayansi John Scott Haldane walikuwa wakishuka na ndege mdogo aitwaye kanari, kwa sababu ndege huyo anaanguka kabla ya mtu. Walitumia ndege hao mpaka miaka ya 1980. Nyumbani kwako hakuna kanari.

Angalieni hatari yenyewe. Dalili za gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Nazo dalili za malaria? Ni hizohizo. Mama mgonjwa anasema «malaria imerudi», anajilaza palepale pembeni ya mbabula, na watoto wamelala karibu naye. Tena damu yake imepungua kwa sababu ya malaria, kwa hiyo gesi kidogo tu inamtosha. Na kama ana mimba, mtoto tumboni anaumia kabla yake. Alama moja inasaidia: watu wawili au watatu ndani ya chumba wakiumwa kichwa saa moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, hiyo ni gesi. Toeni wote nje, kisha mbabula, halafu njooni hospitali hata kama mmejisikia vizuri.

Dawa yake ni rahisi na ni kazi ya baba. Kabla ya Noeli, funga mabati matatu au manne juu ya nguzo, uani, pande zote wazi. Mvua haitazuia kupika tena. Mgonjwa anayesikia baridi apewe blanketi na chai ya moto, asipewe mbabula.

Neno kwako mfanyakazi unayeumwa wewe mwenyewe. Ninajua zamu za sikukuu na pesa zake. Lakini ukiwa na homa, mwambie kapita wako kabla hujapanda kwenye gari kubwa au kushuka chini. Dawa nyingi za mafua na za kuwasha zinaleta usingizi. Uliza kabla ya kumeza. Na unapotoka zamu ya usiku, usichukue saa zako za kulala kwenda kufanya foleni ya mchele. Nenda ulale, soko litakungoja. Lutuku haitoi homa, inakunyima usingizi tu, na inafanya ini lifanye kazi mbili ukiwa unameza dawa.

Mwisho, tayarisheni hivi kabla ya tarehe 24: kadi ya matibabu ya kila mtu wa nyumbani, pesa ya pikipiki na namba ya dereva anayekubali kuja usiku, vyote mahali pamoja ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Mgonjwa akitapika kila kitu, akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akishikwa na degedege, macho yakiwa ya njano, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, au akishindwa kuketi bila kushikwa, msingoje wageni wamalize kula. Mleteni saa hiyohiyo, hata kama ni tarehe 25 na sufuria bado ziko motoni.