Jinsi Kompyuta Inavyohesabu Mabadiliko ya Mawe ya Chokaa

Watu wengi hudhani kwamba mafuta hukaa chini ya ardhi kama maji ya ziwa. Sivyo. Hukaa ndani ya vitundu vidogo vya mwamba, kama maji yakaavyo katika sifongo. Mwamba wenye vitundu vingi vilivyoungana hutoa mafuta kwa wepesi; usio navyo hautoi kitu, na gharama yote ya kuchimba hupotea.

Shida ya mawe ya chokaa ni kwamba hayatulii. Maji yenye asidi kidogo huyayeyusha na kupanua vitundu; maji yaliyoshiba chokaa huitua mahali pengine na kuviziba. Tena, maji yenye magnesiamu huigeuza kalsaiti kuwa dolomaiti. Magnesiamu ikishika nafasi ya nusu ya kalsiamu, pasipo kabonati kuongezeka, kalsaiti ya lita 100 huwa dolomaiti ya lita 87 hivi. Nafasi inayobaki ni vitundu vipya. Lakini maji hayo yakizidi kupita, dolomaiti hujijenga zaidi na kuviziba. Ndiyo maana hata Ghawar, uwanja mkubwa wa mafuta uliogunduliwa Saudi Arabia mwaka 1948, una tabaka za dolomaiti zipitishazo mafuta vizuri na nyingine zilizoziba.

Hapo ndipo kompyuta inapofaa. Wataalamu huugawa mwamba, kwa hesabu, kuwa vijumba vingi. Kwa kila kijumba huuliza: Maji kiasi gani yameingia? Kitu gani kimeyeyuka, na kipi kimetua? Nafasi gani imebaki? Jibu la mwisho hubadili la kwanza, maana vitundu vikipungua, maji nayo hupungua. Kwa hiyo hesabu hurudiwa mara maelfu, hata maelfu ya miaka yakahesabiwa kwa muda mfupi.

Hata hivyo, kompyuta haipigi ramli. Ukiipa vipimo vya uwongo, itakupa jibu la uwongo lililopangwa vizuri. Yapasa jibu lilinganishwe na vipande vya mwamba vilivyotolewa kisimani na kutazamwa kwa hadubini.

Leo hesabu hizo hizo hutumika kupima kama kaboni dioksidi inayosukumwa ardhini itakaa salama, au itayeyusha chokaa. Basi wenzangu, tusiidharau milinganyo ya kemia tunayoisawazisha ubaoni. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya kompyuta.