Usione Vyaelea: Nyumba ya Masista wa Bagamoyo

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hii hunijia kila nisomapo masimulizi ya kuingia kwa Ukatoliki katika pwani ya Afrika Mashariki. Masimulizi hayo yamejaa majina ya mapadre, wapelelezi na mabalozi, ilhali masista aghalabu hutajwa kwa idadi tu, mithili ya shehena ndani ya jahazi. Historia ya namna hiyo ni nusu ya historia, na mwalimu anayeifundisha bila kuihoji humnyima mwanafunzi nusu ya pili.

Tuchukue mfano wa nyumba ya masista ya Bagamoyo, mji mkongwe ulio ufuoni mwa Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Dar es Salaam. Chimbuko lake haliko Ulaya, kama wengi wadhanivyo, bali katika kisiwa cha Réunion. Utumwa ulikomeshwa kisiwani humo Desemba 1848. Miezi michache baadaye, mwaka 1849, Aimée Pignolet de Fresnes, mwanamke wa ukoo wa walowezi, alishirikiana na Padre Frédéric Levavasseur kuanzisha shirika la Mabinti wa Maria. Shirika hilo liliwapokea wanawake wa Kizungu pamoja na wanawake weusi waliotoka utumwani, wote waishi chini ya kanuni moja. Ikumbukwe kwamba miongoni mwa watumwa wa Réunion walikuwamo waliochukuliwa kutoka pwani yetu ya Afrika.

Mnamo Desemba 1860 masista sita wa shirika hilo waliwasili Unguja pamoja na Padre Armand Fava na wenzake. Soko la watumwa lilikuwa bado wazi. Halikufungwa hadi mwaka 1873. Masista waliuguza wagonjwa na kuwalea wasichana waliokombolewa. Mwaka 1863 kazi ya misheni ilikabidhiwa mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, na mwaka 1868, chini ya Padre Antoine Horner, misheni ilivuka bahari hadi Bagamoyo. Masista nao walivuka. Aprili 1872 kimbunga kikali kilibomoa majengo yao, nao wakaanza upya. Nyumba ya masista iliyojengwa katika miaka hiyo ya 1870 ingali imesimama, na ndani yake mna makumbusho ya Kanisa.

Sipendi kuipaka historia hii mafuta. Watoto waliolelewa pale hawakuulizwa kama walitaka kuja. Wengine walinunuliwa sokoni, wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Uingereza. Walisoma, lakini pia walifanya kazi mashambani chini ya nidhamu kali. Wasichana wa masista waliozwa wavulana wa mapadre na kupewa makao katika kijiji cha misheni. Wapo waliotoroka. Mwanafunzi ana haki ya kuyajua haya yote, mema na machungu, ili apime mwenyewe mpaka kati ya kumkomboa mtu na kumtawala.

Kwa mtu wa taaluma yangu, nyumba ile ina umuhimu wa ziada. Padre Charles Sacleux, aliyefika pwani hii mwaka 1879 na kuishi hapa hadi 1898, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kifaransa yenye kurasa zaidi ya elfu moja, iliyochapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Sisi wanaisimu twamheshimu, na anastahili. Lakini alipowasili, masista walikuwa wamekwisha kuishi miaka kumi na minane na ushei miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili, wakiuguza na kulea watoto waliotoka katika makabila mbalimbali yenye lugha mbalimbali. Misheni aliyoikuta ilikuwa na wasemaji wa kila namna kwa sababu kulikuwa na waliowalea.

Hata msamiati wetu una la kutufunza. Sista kwa Kiswahili huitwa mtawa. Neno hili latokana na kitenzi tawa, yaani kukaa ndani mbali na macho ya watu, kama walivyofanya wanawake wa tabaka la juu katika miji ya pwani. Siku za sala na ukimya nazo huitwa mafungo, kutokana na funga. Maneno yote mawili yanadokeza mlango uliofungwa. Watawa wa Bagamoyo walijifunga katika sala, kisha wakafungua mlango kwa wagonjwa na mayatima. Yamkini maana ya ndani ya neno ndiyo iliyotufanya tusiwaone walipotoka nje.

Tazama basi jinsi kumbukumbu ilivyogawanywa. Mwili wa David Livingstone ulipitishwa Bagamoyo Februari 1874, ukibebwa na akina Chuma na Susi. Mnara wa kanisa la zamani la misheni ukapewa jina lake hadi leo. Mgeni aliyepita akiwa maiti ana mnara. Wanawake walioishi na kuzikwa papo hapo hawana.

Wanafunzi wa Kenya waijua Freretown ya Mombasa, makao ya watumwa huru yaliyoanzishwa karibu na mwaka 1875. Ni vyema pia wajue kwamba misheni za Katoliki za Bura, 1892, na St Austin's jijini Nairobi, 1899, zilitokana na mapadre wa shirika lile lile la Bagamoyo. Katika parokia nyingi nchini mna nyumba za masista, na ndani yake mna wazee wanaokumbuka waliowatangulia. Mwalimu mwenzangu, wapeleke wanafunzi wako huko. Wawaulize nani alifungua darasa la kwanza la wasichana, alitoka wapi, alisema lugha gani, na kaburi lake liko wapi. Kisha waandike majina kwa ukamilifu, kwa maana wazee hao hawatatungoja.