Kutoka makaa hadi utafiti wa afya ya akili

KWA miaka mingi, ugonjwa wa akili ulipotajwa jijini Nairobi, wengi waliwaza mahali pamoja tu: Mathari. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka wa 1910, na jina lake likageuka kuwa tusi la mitaani. Kwa kuhofia kubandikwa jina hilo, wengi waliona heri kuugua kimyakimya.

Tom Osborn aliifikia fani hii kwa njia ya mzunguko. Akiwa na umri wa miaka 18, alianzisha GreenChar, kampuni iliyotengeneza makaa kwa mabaki ya miwa. Baadaye alielekea Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alikosomea saikolojia.

Swali lililomshughulisha lilikuwa hili: shule isiyo na daktari wa akili itamsaidiaje mwanafunzi mwenye mfadhaiko au wasiwasi?

Mnamo 2018, yeye na wenzake walifanya majaribio katika shule moja ya sekondari mtaani Kibera. Wanafunzi 51 wenye dalili hizo waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilifunzwa mbinu za kudurusu. La pili lilipata mafunzo ya Shamiri kwa majuma manne: kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, kushukuru, na kutambua anayoyathamini maishani. Waliowaongoza hawakuwa madaktari, bali vijana waliotoka sekondari karibuni.

Kundi la Shamiri lilipata nafuu zaidi. Majaribio makubwa ya wanafunzi 413, yaliyochapishwa mwaka wa 2021, yalionyesha kwamba manufaa hayo yalidumu hata baada ya miezi saba.

Anayetaka kufuata njia hiyo hana budi kuanza kwa stakabadhi. Ni lazima mradi uidhinishwe na kamati ya maadili, upate leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), na kwa watoto, idhini ya wazazi pamoja na ridhaa ya watoto wenyewe.

Urasimu huo una sababu. Hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipobatilisha Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai nchini. Mwanafunzi aliyemjibu mtafiti kwa ukweli huenda alikuwa akiungama kosa. Kwa hivyo, kabla ya takwimu, mtafiti chipukizi hujifunza kwanza kutunza siri.