Nyumba kwa Faida ya Bitcoin: Wakili Atakuuliza Nini

Sheria ya Kenya haimkatazi mtu kununua nyumba kwa faida aliyoipata katika Bitcoin, USDT au sarafu nyingine za kidijitali. Ununuzi hukwama pale mnunuzi anaposhindwa kuonyesha pesa zake zimetoka wapi.

Chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, wakili anayesimamia mauzo ya ardhi au nyumba anawajibika kumtambua mteja, kuchunguza chanzo cha fedha zake na kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalopambana na fedha haramu. Kwa hiyo mamilioni yakiingia ghafla katika akaunti iliyozoea mshahara wa kila mwezi, tarajia maswali, na uwe na majibu yaliyoandikwa.

Majibu hayo huanzia mbali. Onyesha taarifa ya benki ya siku uliponunua sarafu, historia ya miamala kutoka soko ulilotumia, anwani za pochi yako, na njia shilingi zilimopitia hadi kukufikia. Pakua rekodi hizo leo, hata kama nyumba utainunua baada ya miaka mitano. Soko la sarafu la FTX lilipofilisika Novemba 2022, wateja walifungiwa akaunti zao bila onyo.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni ya kuuziana mtu kwa mtu. Unamwachilia mgeni USDT, naye anakutumia shilingi kwa M-Pesa au benki. Humjui, wala hujui pesa hizo kazitoa wapi. Zikiwa zimeibwa kwa mtu mwingine, wachunguzi watafuata nyayo hadi kwako, na akaunti yako inaweza kufungwa ukiwa katikati ya kulipia nyumba. Tena M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 500,000 kwa siku. Kukusanya milioni sita kwa njia hiyo ni siku 12 za kupokea vipande vipande kutoka kwa wageni, mtindo uleule unaoishtua benki. Heri kuuza kupitia kampuni ya sarafu inayotambulika, pesa ziingie benki moja kwa moja zikiwa na jina la aliyezituma. Bunge lilipitisha sheria ya kusajili na kusimamia kampuni hizo mwaka 2025, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Uliza kama unayoitumia ina leseni.

Kisha kuna suala la muda. Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 anapotia sahihi mkataba, na salio hukamilishwa ndani ya siku 90 hivi. Bei ya nyumba imeandikwa kwa shilingi, haibadiliki. Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000 Novemba 2021; mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya 16,000. Anayesubiri bei ipande kidogo kabla ya kulipa salio anaweza kukosa nyumba na kupoteza pia malipo yake ya awali.

Kodi nazo ziwekwe kwenye hesabu. Ushuru wa stempu ni asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Kati ya Septemba 2023 na Juni 2025 kulikuwa na kodi ya asilimia 3 kwa kila uhamisho wa mali ya kidijitali. Kama uliuza wakati huo, tafuta stakabadhi zake. Kufutwa kwa kodi hiyo hakumaanishi kwamba faida ya biashara imesamehewa kodi ya mapato, kwa hiyo muone mhasibu.

Geuza sarafu kuwa shilingi kwanza, fedha zote za nyumba zikae benki, rekodi zake zisomwe na wakili. Kabla ya hapo, tafadhali usitie sahihi mkataba wowote.