Bibi Alizaliwa Mwaka Gani?

Mjomba alinikabidhi daftari la shule na kalamu ya buluu, akasema: "Wewe ndiye msomi wetu. Andika wasifu. Mchungaji ametoa dakika tano."

Ilikuwa Februari, na kwetu Kilolo, mkoani Iringa, mvua ya Februari haina adabu. Mwili wa bibi ulikuwa chumba cha ndani, akina mama wakiimba kwa sauti za chini. Wanaume walijibanza chini ya turubai na kuzungusha ulanzi, maana msimu wenyewe ndio huo: mianzi inakatwa ncha, mbeta inategwa, na utomvu unadondoka usiku kucha. Mimi nikaketi jikoni karibu na moto, daftari magotini.

Anayejua misiba yetu anaijua karatasi ile. Ina vichwa vyake: kuzaliwa, elimu, ndoa, ajira, ugonjwa, kifo. Aliyefiwa mwezi uliopita humrushia wa leo nakala kwenye simu, naye hubadilisha majina. Niliyotumiwa mimi ilikuwa ya bwana shamba mstaafu, imejaa vyuo na vituo vya kazi. Nikaanza kufuta. Kuzaliwa: sijui. Elimu: hakwenda shule. Ajira: hakuajiriwa. Nilipomaliza kufuta, mwanamke aliyenilea alikuwa amebaki na mistari minne, na miwili kati ya hiyo ilihusu presha.

Nikaamua kuanza na mwaka. Kadi yake ya mpiga kura ilisema 1 Januari 1935. Ukiviamini vitambulisho, nusu ya wazee wa nchi hii walizaliwa Januari mosi. Tarehe ile aliibuni karani, siku moja ya foleni ndefu. Kitabu cha ubatizo nacho kina tarehe aliyobatizwa, akiwa tayari msichana wa kuchumbiwa. Ya kuzaliwa hakuna.

Kwa watu kama bibi, makarani wa sensa hutumia matukio. Wanakuuliza: njaa fulani ilikukuta wapi, Uhuru ulikukuta na watoto wangapi? Agosti 2022 nilikuwa nyumbani karani alipofika kwetu, kijana mpole mwenye kishikwambi. "Shikamoo bibi. Tulipopata Uhuru ulikuwa na umri gani?"

"Marahaba. Nilikuwa na mimba."

"Hiyo si miaka, bibi."

"Basi andika hiyo hiyo. Mimba yenyewe ndiyo huyu," akamwonyesha mjomba, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 60 na ushee na mvi kichwa kizima.

Lakini tukio lake kubwa halikuwa Uhuru. Lilikuwa fuvu. Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyewapiga Wajerumani pale Lugalo, ndani ya Kilolo yetu hii ya leo, Agosti 1891, alijipiga risasi Julai 1898 ili wasimkamate. Kichwa chake kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza kirudishwe. Ikachukua miaka 35 zaidi. Gavana Twining alikikuta kwenye makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akakikabidhi kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga, kilipo hadi leo.

Bibi alikuwepo. Walitembea siku mbili kutoka huku juu, wakalala njiani kwa mnyalukolo mmoja, yaani ndugu. Wajukuu tulimuuliza mara elfu: bibi, fuvu lilikuwaje? Naye alijibu vilevile kila mara: "Sikuliona. Niliona migongo ya watu." Kisha aliongeza kwamba safari nzima yeye ndiye aliyebeba debe la maji la shangazi yake. Hapo ndipo hesabu yangu iliposimama. Msichana wa kubeba debe kichwani kwa mwendo ule hapungui miaka 12 au 13. Nikaandika: alizaliwa yapata mwaka 1941. Nikajiona mjanja.

Ajira ilinipa shida zaidi, kwa sababu sijaona mtu aliyefanya kazi kuliko yeye. Kazi yenyewe ilikuwa vinyungu. Kama hujafika Iringa, usidhani ni vyungu: ni bustani za bondeni. Mvua zikikatika, shamba la mlimani linakauka, lakini bonde linabaki na unyevu. Watu hushuka na majembe. Nyasi zinafyekwa, zinalazwa, zinafukiwa kwa udongo mweusi mpaka yanatokea matuta mapana, na kati ya tuta na tuta unapita mfereji wa kutolea maji. Nyasi zinaoza humo ndani. Mbolea ndiyo hiyo. Hapo utapanda mahindi, maharage, njegere, maboga. Utavuna kuelekea Krismasi, wakati vihenge vya watu vimeanza kutoa mwangwi.

Bibi aliingia bondeni Julai, miguu mitupu. Asiyeyajua maji ya Kilolo ya mwezi huo asiseme anaijua baridi. Alichota udongo, akaufinya kiganjani: maji yakichuruzika kati ya vidole, anautupa na kugeuza, anarudi baada ya wiki. Ukibaki donge lenye alama za vidole vyake, anafunga kanga vizuri na kuanza. Hakuwahi kutueleza. Tulijifunza kwa kuutazama mkono.

Kinyungu hicho ndicho kilichotulea saba. Mama yangu alifariki mwaka 2003. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Utafiti wa 2007 na 2008 ulionyesha kwamba mkoa wetu, wakati huo Njombe ikiwa bado ndani yake, ulikuwa na maambukizi ya karibu asilimia 16 kwa watu wazima, ilhali nchi nzima haikufika asilimia 6. Watoto wa asilimia hizo walihamia kwa bibi zao. Bibi yangu hakuutaja ugonjwa ule hata siku moja. Alichofanya ni kutuhesabu usiku kwa kutugusa vichwa gizani. Akifika saba, anaegemeza gogo mlangoni.

Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Leo inaonekana ndogo. Zidisha kwa wajukuu, ongeza sare, madaftari na michango isiyokwisha, halafu gawanya kwa mahindi mabichi.

Baadaye yakaja matangazo ya kuondoka kwenye vyanzo vya maji. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na hoja ipo: maji ya mabonde yetu huishia Ruaha Mkuu, na Ruaha ndio unaozungusha mitambo ya umeme ya Kidatu. Bibi hakubishana na sheria. Alibishana na kipimo. "Hatua 60 za nani? Zangu au za huyo mrefu?" Kisha akasogeza matuta juu, akavuna pungufu, akanyamaza.

Na hakuna aliyemlipa pensheni. Zanzibar, tangu mwaka 2016, mzee wa miaka 70 analipwa pensheni jamii bila kuulizwa aliajiriwa wapi. Huku bara bado. Binafsi naona kichwa kile cha "ajira" kwenye karatasi zetu kina lawama yake katika hili: tumezoea kusoma kwamba bibi zetu hawakufanya kazi.

Basi pale kaburini nikasoma: "Ajira: mkulima wa vinyungu, tangu utotoni mpaka mwaka juzi. Walionufaika: wajukuu saba, wote wamemaliza kidato cha nne isipokuwa mmoja aliyekataa shule mwenyewe." Watu wakacheka, naye akacheka. Nikafika kwenye Kalenga na debe la maji.

"Mwongo!"

Alikuwa bibi mwingine, binamu yake mkubwa, ameshikwa mikono na vijana wawili asiteleze. "Marehemu mwongo. Debe nilibeba mimi. Yeye alikuwa katoto, vilimani nilimbeba mgongoni."

Kicheko kikazidi. Mchungaji naye akainamisha uso. Mimi nikasimama na daftari langu linaloloa, nikipiga hesabu upya. Mtoto wa kubebwa mgongoni mwaka 1954 ana miaka mingapi? Saba? Minane? Na mwaka 1961 alikuwa na mimba ya mjomba. Nilimtazama mjomba, nikaona naye anahesabu. Hakuna aliyesema neno. Niliruka kichwa cha "ndoa", nikasoma majina ya watoto, nikafunga daftari.

Fundi wa msalaba alipotaka tarehe, mjomba alimpa ya kifo tu. Upande wa kushoto uko wazi.

Yule bibi mwenzake angali hai, na masikio yake ni mazima. Jioni ile ya maziko nilimwendea, nikapiga goti: "Kamwene, bibi. Nataka unisimulie ile safari yote, na yaliyofuata." Akanitazama mikono kwanza, mikono ya mtu wa ofisini. Akasema nije Julai, tutaongea bondeni, na nije na jembe langu.